Aliyeitikia Nyuma ya Pazia

Bibi Sonoe alisema neno moja, akageuza mgongo wake kuelekea kwa Nakijwa, akangoja.

Nakijwa alikuwa amekaa chumbani kwake Pasua, mjini Moshi, amevaa glavu zilizofika kwenye viwiko na kofia ya kioo iliyomfunika macho, yenye spika iliyosikika chumba kizima. Mikono yake mwenyewe ilikuwa hapo Moshi. Mikono ya Mwili, ule mwili wa chuma na mpira laini aliokabidhiwa na wakala wa ajira, ilikuwa kaskazini mwa Japani, kwenye nyumba ya wazee ambayo theluji ilikuwa imepanda hadi nusu ya madirisha. Akikunja vidole hapa, vidole vinakunjika kule. Akiinama, Mwili unainama. Moshi ilikuwa asubuhi, watoto wa jirani ndiyo kwanza wameingia shule. Kwa Bibi Sonoe jua lilikuwa linajiandaa kuzama.

"Kayui," Bibi Sonoe alisema tena, safari hii akitikisa mabega.

Nakijwa alilijua lile neno. Yaani, alijua kwamba analijua. Aliweza kukumbuka hata harufu ya sabuni siku alipolijifunza, lakini maana yake ilikuwa imetoka na kufunga mlango. Mikono ya Mwili ikabaki hewani kama mikono ya mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

"Inawasha!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Namsifu, mwanawe wa miaka mitatu, alikuwa ameketi kwenye mkeka na bakuli la uji. "Mama, inawashaaa!"

Nakijwa akapeleka vidole vya Mwili mgongoni kwa yule bibi, akakuna taratibu, chini kidogo ya bega la kulia. Bibi Sonoe akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

"Yule mdogo wako," alisema kwa Kijapani cha polepole, cha kumsaidia mgeni, "yuko hapo leo?"

"Yupo. Anakula."

"Sauti yake nzuri. Mwambie ale sana."

Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye utani. Ujanani aliendesha gari kubwa la kusukuma theluji barabarani, na mpaka leo akiona Mwili unasogeza kiti vibaya huuelekeza kwa kidole, kushoto, kushoto zaidi, simama, kama anayeongoza lori kurudi nyuma. Wazee wenzake waliikataa Miili mwanzoni. Walikubali baada ya kutungwa ile sheria ambayo huku Moshi waliiita Sheria ya Sikio: anayemgusa mzee lazima amwelewe kwa sikio lake mwenyewe, bila mashine ya kutafsiri katikati. Ndiyo maana Nakijwa, fundi cherehani asiyemaliza sekondari, alisoma jioni mwaka mzima. Na ndiyo maana sasa aliweza kufanya kazi ya Japani bila kumwacha mtoto wake hata siku moja.

Zamu ilipoisha alivua kofia, akagusa kile kitu kidogo kama punje ya haragwe kilichobandikwa nyuma ya sikio lake. Wote darasani walikuwa nacho. Walikiita kikumbushi, na sheria ilikinyamazisha wakati wa zamu.

"Nipe kayui," alisema.

"Kayui," kikajibu kikumbushi, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Neno imara. Nitakuuliza tena baada ya miezi minane."

"Lakini nimelisahau."

"Rekodi haionyeshi kwamba umelisahau. Nilirudishe mwanzo?"

Nakijwa akakaa kitandani.

Kazi ya kikumbushi ilikuwa kungoja. Hapo ndipo akili yake yote ilipokuwa. Ukikumbushwa neno mapema mno, ubongo unalipuuza, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake mwenyewe. Ukicheleweshwa mno, neno limekwisha kwenda, unaanza upya. Lakini kuna kipindi kifupi ambapo neno linaning'inia, na ukilivuta wakati huo linarudi na mizizi mirefu kuliko ya kwanza. Kikumbushi kilipima kipindi hicho. Kilinong'ona neno, kikasikiliza kupitia mfupa wa taya kama mwenye taya amelijibu, na kila ukijibu sawa kilirefusha safari: kesho, wiki ijayo, mwezi ujao, mwakani. Neno lililokushinda halikukupa alama, lakini lilirudi upesi. Maneno yaliyosahaulika ndiyo yaliyokuwa shule yenyewe.

Sasa kayui lilipataje uimara?

"Mama, na mimi nioge," Namsifu alisema, tayari amevua gauni.

Nakijwa akamtazama mtoto amesimama uchi kando ya beseni, anasubiri, na akaelewa kabla hajamwaga maji.

Mama mwenye mtoto na cherehani anapata wapi muda wa kukaa peke yake na maneno? Alijifunza akimwogesha Namsifu. Kikumbushi kinanong'ona, yeye anasema kwa sauti, "Kayui! Kayui ni i-na-wa...?" na mtoto anamalizia, "Sha!" Ndivyo alivyofundishwa yeye shuleni, ndivyo kila mtu aliyemjua alivyofundishwa. Mwalimu anaanza neno, darasa linalimalizia. Mwanzoni Nakijwa ndiye aliyekuwa akianza. Kisha, siku ambayo hakuiona ikipita, mtoto akawa anajibu kabla yake. "Kayui?" anauliza mama. "Inawasha!" anasema mtoto. "Inawasha, ewaa, mama yangu," anasema mama, na taya yake imelisema, na kikumbushi kimesikia, na neno limesogezwa mwezi mbele.

Waliokitengeneza walimfikiria mtu mmoja ndani ya chumba kimya. Hawakumfikiria mtu asiyeachwa amalizie neno peke yake.

*

Darasa lilikuwa kwenye ghala la zamani la kahawa karibu na stesheni ya reli. Mwalimu Ndesario alikuwa akifuta ubao Nakijwa alipoingia mapema, bado ana vumbi la uzi kwenye sketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana? Mpare wewe, umekuja kunifungulia kesi?"

"Ningekuja na wakili."

"Angekuja kwa miguu, maana nauli usingempa."

"Na wewe Mchagga ungemkopesha, halafu umdai na riba mlangoni kwa hakimu."

Akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa amewatoa watu kwenye ghala lile, wauza mitumba, walinzi, mabinti waliokuwa wanakaa tu nyumbani, akawaweka kwenye viti vya wakala wakiwa na kofia za kioo na matumaini. Nakijwa akangoja kicheko kiishe.

"Mwalimu, maneno hatuyajui. Tunayasema tu. Mmoja akianza, wengine tunadandia."

"Nani kakwambia?"

"Bibi mmoja Japani, aliyekuwa anawashwa mgongo."

Alimsimulia. Mwalimu Ndesario akasikiliza huku akigeuzageuza kifutio. Wanafunzi walipojaa, akaandika ubaoni neno moja, museru, akamwita Elifuraha. Elifuraha ndiye aliyekuwa akijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Peke yako," Mwalimu alisema. "Museru ni nini?"

Darasa likavuta pumzi kwa pamoja. "Kupa..." walianza. Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza.

Elifuraha alitazama neno. Midomo yake ikasogea kama mtu anayepapasa swichi gizani. Jasho likamtoka puani. Kimya kile kilikuwa kirefu na cha ajabu, hakuna aliyekizoea, na aliyeshindwa kukivumilia wa kwanza alikuwa Mwalimu mwenyewe.

"Kupa...?" alisema polepole.

"Liwa!" Elifuraha akaropoka, na darasa zima likapumua na kupiga makofi. "Kupaliwa! Mzee akipaliwa na chakula!"

Mwalimu Ndesario hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Nakijwa.

Wengine walipoondoka wote, alifunga dirisha moja moja kabla hajasema.

"Wakala akijua, atamrudisha kila mtu ajaribiwe peke yake. Wangapi watabaki kwenye viti, unafikiri? Aikaruwa anasomesha wadogo zake. Elifuraha ndiyo kwanza kaoa."

"Najua."

"Basi tuyarudie kimyakimya. Mwezi huu mmoja. Nitawafundisha upya, bila kuimba. Nani ataumia?"

Nakijwa alitaka sana kukubali, na kwa hiyo alikubali.

Ugumu aliukuta nyumbani. Kikumbushi hakikuwa tayari kumuuliza maneno imara. Muda wake haukuwa umefika. Njia ilikuwa moja: kusema kwa sauti, "Nimesahau," ndipo neno lirudi mwanzo. Lakini kila neno lililorudi mwanzo lilipunguza hesabu ya maneno imara, na chini ya mstari fulani zamu ilijifunga yenyewe. Alijaribu maneno machache tu, mstari ukawa karibu, akaacha. Yale aliyoyasahau kabisa ndiyo ambayo kikumbushi kilikuwa na hakika nayo kuliko yote, na ndiyo kiliyoyapeleka mbali zaidi.

Kesho yake alisogeza mkeka wa Namsifu, akauweka ubavuni mwa kiti.

*

"Nataka kwenda kwa Mama Kundaeli," Namsifu alisema. "Kuku kaangua."

"Utaenda baadaye. Kaa na mama."

"Vifaranga vitaisha!"

"Havitaisha. Kaa."

Siku zile mtoto alikuwa amekaa sana. Alikuwa amepewa karanga, akapewa vifungo vya kupanga, akaambiwa akae. Alikuwa amesema "kizunguzungu" na "kumwaga" na "mwanga unaumiza macho", na kila mara mama alisema "ahsante, mama" bila kugeuka. Asubuhi hiyo alilia. Hakulia kwa deko. Alijikunja kwenye mkeka na kulia kwa sauti ndogo iliyochoka, na Nakijwa, akiwa tayari na kofia kichwani, akaona aibu kwa jinsi alivyokuwa anamkasirikia.

"Nenda," alisema. "Nenda ukavione."

Bibi Sonoe alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Alimsalimia vizuri. Aliuliza yuko wapi yule mdogo. Nakijwa akajibu kwamba ameenda kuona watoto wa kuku, na bibi akacheka. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Shibireru," alisema.

Nakijwa alijua kwamba analijua.

"Hai," alijibu kwa heshima, ndiyo yao, na kichwa cha Mwili kikainama. Mkono. Mkono una nini? Akaugusa kwa kiganja cha Mwili, ambacho kilipima joto, na ulikuwa wa baridi. Baridi, basi. Akachukua blanketi, akamfunika vizuri mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Bibi Sonoe akatikisa kichwa. "Shibireru," alisema tena. Safari hii neno lilitoka limepinda, kama limepitia upande mmoja tu wa mdomo.

Nakijwa akakanyaga pedali ya kusimamisha Mwili, akaivua kofia, akatoka mbio na glavu zake mikononi. Kwa Mama Kundaeli ni kuruka mtaro tu. Namsifu alikuwa amechuchumaa kando ya tenga, kifaranga kimoja kiganjani.

"Namsi! Shibireru ni nini?"

Mtoto akainua macho. Aliuona uso wa mama, akaisikia ile sauti, akafikiri amekosa. Akakirudisha kifaranga haraka kwa mama yake kuku.

"Sikukibana," alisema.

"Sikugombezi, mama. Shibireru. Sema. Ni..."

Alitaka kumwanzia, kama anavyoanziwa kila mtu, ili mtoto amalizie. Hakuwa na pa kuanzia. Hata silabi ya kwanza hakuwa nayo.

Namsifu alimtazama mdomo, akingoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akakaa chini vumbini, akaukunja mguu mmoja chini yake, akaukalia kwa nguvu kama walivyokuwa wakifanya wanapocheza, kisha akaunyoosha na kuugusa kwa kidole.

"Ganzi," alinong'ona.

Nakijwa hakukumbuka kuruka mtaro. Alikumbuka tu kitufe chekundu cha kuita wauguzi, na sauti yake mwenyewe ikipiga kelele kwa Kijapani ndani ya jumba la wazee lililo mbali kuliko alivyowahi kusafiri, "Shibireru! Mkono wa kushoto! Shibireru!" na nyayo za wauguzi wakija.

*

Bi Yusta wa wakala alipiga simu mchana. Bibi Sonoe yuko hai. Mshipa wa kichwani uliziba, dawa ikawahi. Mkono wa kushoto utakuwa mzito, na mdomo kidogo, lakini yuko hai na ameshaomba chai.

"Umetambua dalili, dada Nakijwa. Wengi wangedhani ni baridi tu, wangefunika blanketi."

Nakijwa alihamishia simu sikio la pili.

"Mwili ulisimama kidogo pale katikati," Bi Yusta aliendelea. "Tumeandika kwamba ulikuwa unamchunguza mgonjwa. Ni sawa?"

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na mtu mwingine kabisa. Yeye alitakiwa kupita tu.

"Ahsante," alisema, ambalo halikuwa jibu.

"Tunataka tukupe ajira ya kudumu. Pumzika leo, tutazungumza."

Alasiri akachota maji, akayapoza, akamwita Namsifu kuoga. Kikumbushi kilinong'ona neno nyuma ya sikio. Hakulitamka. Akapaka sabuni, akasugua shingo, akasugua magoti yenye vumbi la kwa Mama Kundaeli.

"Bibi anaumwa?" Namsifu aliuliza.

"Anaumwa. Anatibiwa."

"Mama."

"Naam."

"Ni kwa sababu nilichelewa kusema?"

Maji yalitiririka kwenye vidole vya Nakijwa yakaisha, na kopo likabaki hewani. Alimtazama mtoto wake usoni. Namsifu hakuwa analia. Aliuliza kama mtu mzima anavyouliza jambo la kazini, akitaka kujua, ili kesho asikosee tena.

"Hapana," Nakijwa alisema. Akaliweka kopo chini, akamkumbatia na povu lake lote. "Hapana, mwanangu. Hukuchelewa. Ile kazi haikuwa yako. Ilikuwa ya mama, na mama alikuachia."

"Lakini mimi najua."

"Najua unajua. Ila huna haja ya kumjulia mama."

Mtoto akafikiri. "Kesho nitaenda kwa vifaranga?"

"Kesho utaenda kwa vifaranga."

*

Mwalimu Ndesario alikuwa anakaa nyuma ya ghala lilelile, chumba kimoja na baraza. Alimkaribisha kiti. Habari alikuwa nazo. Wakala alikwisha kumpigia kumpongeza, mwanafunzi wake ameokoa maisha.

"Kumbe unaona?" alisema. "Mambo yameenda vizuri."

"Mwalimu, nilimfunika blanketi."

"Halafu ukabonyeza kengele."

"Baada ya kwenda kumuuliza mtoto. Na angekuwa amelala je? Na siku atakapougua yeye?"

"Nakijwa, mimi nilikuomba mwezi mmoja."

"Na mimi nilikupa. Bibi wa watu ndiye hakuulizwa."

Mwalimu alisimama, akaenda ukingoni mwa baraza, akampa mgongo. Alipozungumza, ile sauti ya utani haikuwepo.

"Unataka Aikaruwa arudi kuuza mitumba, kwa ajili ya usafi wa roho yako. Ungefuta ya kwako tu, ukae kimya kuhusu wengine. Hilo ningekuelewa."

Nakijwa alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Lilikuwa jambo la heshima, lenye maumivu upande wake peke yake, na lilimpendeza sana mpaka alipomfikiria mzee aliyekabidhiwa Elifuraha, huko aliko, anapaliwa na ugali wao wa mchele, mbele ya kijana mzuri anayengoja mtu amwanzie.

"Ningeweza," alisema. "Lakini ninajua, Mwalimu. Nikishajua, siwezi kukaa kama sijui."

"Nani mwingine anajua? Wewe na mimi."

"Leo mwanangu ameniuliza kama yule bibi anaumwa kwa sababu yeye alichelewa kusema."

Mwalimu Ndesario hakugeuka. Barabarani lori lilipita na kreti za soda zikagongana.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mitatu."

Akakaa chini, kwenye ngazi, si kwenye kiti. "Basi usiniambie siku," alisema. "Ukienda kusema, usiniambie ni lini. Nisije nikakuzuia."

"Ni sasa hivi, Mwalimu. Nimekuja kupigia simu hapa ili usisikie kwa watu."

Mwalimu alimtazama kwa hasira halisi, na kwa kitu kingine kilichokuwa nyuma ya hasira. Kisha akasogea kwenye ngazi, akampa nafasi ya kukaa.

Bi Yusta alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia, na hilo lilikuwa zito zaidi. Aliuliza mtoto ana umri gani, mara mbili. Aliuliza kama darasa zima lilijifunza hivyo, na kabla Nakijwa hajajibu, Mwalimu Ndesario akaichukua simu mkononi mwake.

"Nilifundisha mimi," alisema. "Ndivyo tunavyofundisha huku. Njooni mtujaribu mmoja mmoja."

*

Nakijwa alipewa zamu moja ya mwisho, ya kumkabidhi mgonjwa. Kofia ya kioo ikawaka. Theluji, dirisha, kitanda. Bibi Sonoe alikuwa ameegemezwa mito, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea kama kitambaa kilichochomoka pini.

Nakijwa alikuwa ameyaandaa maneno yake, machache, yote ya kwake. Akausogeza Mwili karibu, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Shibireru," alisema kwa Kijapani. "Uliponiambia, nilikuwa nimelisahau. Nilisema ndiyo, na sikuelewa. Nisamehe."

Bibi Sonoe alimtazama, na haikujulikana kama anakasirika au anatafuta mdomo wake. Mkono wa kulia ukanyanyuka kutoka kwenye shuka, kidole kikaelekeza kushoto, kushoto kidogo zaidi, kama anaongoza lori, mpaka Mwili ukawa umekaa pale anapoweza kuuona vizuri.

"Kalikumbuke," alisema, kila neno akilisukuma peke yake. "Likikaa, rudi."

Kisha zamu ikafungwa, na Nakijwa akabaki na kioo cheusi mbele ya macho.

Watu wa wakala walikuja Moshi na meza moja na viti viwili. Waliweka meza kwenye kile chumba kidogo cha mizani ya kahawa, wakafunga mlango, wakaita jina moja baada ya jingine. Wengine walitoka wakiwa bado na viti vyao. Aikaruwa alibaki na chake. Kumbe alikuwa akijisomea jikoni kwa dada yake, wote wamelala, asimsumbue mtu. Elifuraha alipoteza chake, na kwa wiki nzima alipokutana na Nakijwa njiani alivuka kwenda upande wa pili. Halafu jioni moja akaja darasani, akakaa dawati la nyuma, mbali na kila mtu, akabandika kikumbushi chake nyuma ya sikio.

Mwalimu Ndesario aliwapanga hivyo wote, kila dawati na ukuta wake. Alikuwa anajifunza kunyamaza. Akiuliza neno, mkono mmoja alijiziba mdomo.

Nakijwa alirudi kwenye cherehani asubuhi, na alasiri, Namsifu akiwa kwa vifaranga ambavyo sasa vilikuwa na manyoya na fujo, alifunga mlango wa chumba, akalifunga na dirisha. Kiti cha wakala hakikuwepo tena. Alikaa kwenye mkeka.

"Nimesahau," alikiambia kikumbushi.

"Neno gani?"

"Yote niliyosemewa. Yarudishe yote."

Hesabu ikashuka mpaka pale ilipokuwa siku zake za kwanza za shule.

"Tuanze," kikasema. "Memai."

Chumba kilikuwa kimya. Nje, mbali kidogo, mtoto wake alikuwa anamwambia mtu kwamba huyo jogoo ni wake. Nakijwa aliangalia ukuta. Akalitafuta neno kila mahali alipozoea kulikuta, na pote palikuwa na sauti ya Namsifu, hapakuwa na ya kwake.

"Sijui," alisema.

"Kizunguzungu. Nitakuuliza tena baada ya dakika moja."

Alingoja ile dakika. Hakukiimba, hakukigawa, hakumpa mtu. Alikaa nacho tu, kizunguzungu, kichwa cha mzee mmoja asiyemjua bado, anaamka kitandani na chumba kinazunguka, anatafuta mkono wa kushika.

"Memai."

"Kizunguzungu," Nakijwa alisema.

"Sawa. Nitakuuliza tena kesho."

"Niulize," alisema.